Grisi Aliyoipaka Mume Wangu

Mume wangu alikuwa akisomba chumvi. Aliifuata kwenye mashamba ya chumvi karibu na mdomo wa mto Ruvuma, akaileta Mtwara mjini kwa pikapu yake kuukuu. Chumvi ile ililila gari. Ilitoboa sakafu, ikala milango, lakini yeye alichokihofia zaidi ni waya wa ethi, ule mnene unaotoka upande wa hasi wa betri na kufungwa kwenye bodi.

"Umeme ukienda lazima urudi," aliniambia. "Njia ya kurudi ikishika kutu, gari zima linakuwa kipofu."

Kwa hiyo kila Ijumaa, akirudi msikitini, alivua kanzu, akafungua boneti. Aliilegeza nati, akasugua kichwa cha waya na bodi kwa msasa mpaka bati likang'aa, akakaza tena kwa nguvu zake zote. Mwisho alichota grisi kwa kidole akaifunika nati yote, maji ya chumvi yasipate pa kupenya. Mimi nilishika kopo la grisi. Kazi yenyewe haikunihitaji, lakini pale ndipo tulipozungumza. Siku nyingine zote alikuwa barabarani.

Alifariki kwa homa iliyomchukua ghafla. Nilikaa eda nyumbani kwetu Likombe, na pikapu ikakaa uani, ikinyeshewa, ikipigwa na upepo wa pwani. Niliiona kila nilipofungua dirisha. Mara nyingi nilifunga dirisha.

Eda ilipokwisha, mama mkwe, aliyekuwa akiishi nasi, akataka kwenda kwao Nanyamba.

"Magari ya abiria yapo, mama," nilimwambia.

"Nayajua. Mimi nataka gari la mwanangu."

Nilipowasha, taa zilififia, kikasikika kishindo kidogo, tik, basi. Nilimwita fundi kutoka Magomeni ya hapa hapa Mtwara. Akasema betri imekufa, na kweli ilikuwa imekufa. Akafunga nyingine. Tik.

"Labda stata," alisema.

"Hebu tutazame ethi kwanza," nilimwambia.

Aliinama. Grisi ilikuwa ingali pale juu ya nati, imekauka, imeingia vumbi. Lakini upande wa chini ilikuwa imepasuka, na kwenye ufa ule ulichungulia unga wa kijani.

"Umeotea, mama. Kutu imeingia ndani," akasema, akanyoosha mkono na spana.

"Ngoja!"

Juu ya grisi palikuwa na alama ya kidole cha mume wangu. Mistari yote ilionekana, kama ya mtu aliyetia dole gumba kwenye karatasi. Nguo zake nilikwisha kuzigawa. Sauti yake nilianza kuisahau, hilo lilinitia hofu kuliko yote. Na sasa kidole chake hiki hapa.

Fundi aliweka spana chini, akaenda kunawa mikono ambayo haikuwa michafu. Mama mkwe akaja kutazama kilichonichelewesha. Nilimwonyesha. Alisogeza uso karibu, akatazama kwa muda mrefu, machozi yakamlenga.

"Futa, mwanangu," alisema. "Yeye angefuta."

Nikafuta kwa pembe ya khanga. Nilitoa waya kwenye betri, nikafungua nati, nikasugua mpaka bati likang'aa, nikakaza, nikapaka grisi mpya kwa kidole changu. Pikapu ikawaka papo hapo.

Tulipoingia uani kwa dada yake mama mkwe huko Nanyamba, kati ya mikorosho, dada huyo, mkubwa kwake, ambaye macho yalikwisha kumwishia na mambo mengi alikuwa akiyasahau, alitoka mlangoni akipapasa ukuta. Aliusikia mlio wa pikapu aliyozoea kuja nayo mume wangu.

"Baba, umekuja?" aliita. "Mbona umekawia hivyo?"

Nilizima injini. Mama mkwe akashuka, akamshika mkono.

"Tumekuja, dada," alisema. "Tukaribishe."