Mke Aliyeogopa Kimya

Juma hili nilimsindikiza nyanya kwenye kituo cha afya cha Kalundu. Mbele yetu walikuwa mchukuzi wa mizigo wa bandarini na mke wake, na walipoingia kwa daktari mlango ulibaki wazi. Mchukuzi yule akilala, koo lake huziba na pumzi hukatika. Mashine aliyopewa ya kumpulizia hewa puani ilikuwa na nguvu mno, akawa anaivua. Baadaye daktari akamwongezea kifaa cha menoni kinachovuta taya mbele, ili mashine ipulize taratibu.

"Vyote viwili viko vinatumika muzuri, dokta," alisema mchukuzi. "Lakini huyu mama ananipiga makofi usiku muzima!"

Foleni nzima ilicheka, isipokuwa mke.

"Miaka yote akikoroma, minye ninalala," alisema. "Akinyamaza, pumzi imekatika, ninamupiga arudie kupumua. Sasa ananyamaza mpaka asubuhi. Weye ungelala, dokta?"

Daktari alimlaza mume, akamvalisha vifaa vyote viwili, kisha akauweka mkono wa mama kifuani pa mumewe.

"Iko inapanda," mama alinong'ona. "Iko inashuka."

Punde kichwa chake kikaegemea kitanda, akasinzia.

Tunaisifu dawa inapofika, hatuulizi nani alikuwa dawa kabla yake.

Daktari akaita anayefuata. Ilikuwa zamu yetu.

"Muache kwanza alale," nyanya alijibu, akavua kitenge chake cha begani, akaenda kumfunika mama yule.