Vumbi la Profesa Mpira

Kazini, kwenye maabara ya chuo, wanamwita mjomba wangu Profesa Mpira, na shule yenyewe aliishia darasa la saba. Miaka kumi na nane kazi yake ilikuwa moja: anamimina mpira wa majimaji, anauoka kwenye oveni, anaubandua, anaubandika kwenye kioo. Mpira wenyewe ni mwangavu, ukiutazama unaona mpaka upande wa pili. Ndani yake kuna mifereji myembamba kuliko unywele. Wanafunzi wa chuo wanasukuma humo maji yenye viputo vidogo vya ngozi ya mafuta, kama ngozi ya seli zetu. Mfereji ukibana, kiputo kinajikunja, nao wanachungulia kwenye darubini waone dawa inashika wapi: ngozi iliponyooka au ilipojikunja.

Adui ni vumbi. Punje moja tu, kiputo pwaa! Kwa hiyo kabla ya kubandika, mjomba lazima akague mpira kwenye taa.

Mwaka jana macho yakamwingia ukungu. Akauchuna, hakumwambia mtu. Angesema, kazi angepewa mwingine. Akawa anakagua kwa mazoea tu: anainua, anageuza, "Safi!"

Viputo vikaanza kupasuka, na lawama zote zikamwangukia binti mmoja mwanafunzi.

"Mkono mzito kama nyundo!" bosi wa maabara alimfokea mbele za watu. "Mwisho wa mwezi kama huna matokeo, funga virago."

Binti akamfuata mjomba. "Baba, nakosea wapi?"

"Sukuma maji polepole, mwanangu."

"Polepole kuliko hivi? Si nitasinzia!"

Mjomba akacheka naye. Kisha akainua mpira mwingine kwenye taa, akaugeuza, akampa.

Mwezi ukaisha. Jumatatu asubuhi akajikaza, akaingia kwa bosi, akasema yote. Bosi akachukua mpira mmoja uliokwisha kukaguliwa, akauweka kwenye darubini. Vumbi tele.

"Tangu lini, mzee?"

"Miezi saba sasa."

"Binti kaondoka Ijumaa. Nafasi yake nimeshampa mtu."

Sasa mjomba anaosha chupa chumba cha chini. Namba ya binti anayo, hajapiga. Juzi nimemkuta kakaa mlangoni, kainua kipande cha mpira juani.

"Mpwa wangu, hebu nitazamie. Kuna kitu humo?"

Nikatazama. Hata bila darubini niliyaona madoa ya vumbi.

"Kipo."

"Hiki ndicho cha mwisho nilichompa yule binti, alikiacha mezani," akasema, akakirudisha mfukoni.