Ziwa Linalovuta Gari

Watu wa mji wetu wa Baraka walisema ziwa linavuta chuma, na mimi, mwenye diploma ya masomo ya jioni, niliamini kabisa. Kaka yangu alipokufa kwa ugonjwa aliniachia gari ya michezo, ya chini hivi kwamba hata kuku waliitazama kwa dharau. Kila nilipoelekea Mboko, kwa barabara ya kando ya ziwa, ilikimbilia upande wa maji. Wakati wa kurudi ilikimbilia milima, nikajiambia kwamba milimani nako kuna chuma.

Hakuna kitu kingine cha kaka kilichokuwa bado kinatembea. Nilitaka iende sawa, kama nilivyoamini yeye alikuwa akiiendesha.

Fundi niliyempelekea alivuta uzi kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, akakaza na kulegeza vyuma vya usukani mpaka magurudumu yakatazama mbele. Mimi nilimwomba tugeuze gari itazame Fizi, iyape maji mgongo, ili ziwa lisituharibie vipimo. Alicheka, lakini aliigeuza. Tulirudia kazi hiyo mpaka uzi ukazeeka kuliko babu yangu. Gari ilinyooka hadi sokoni, kisha ikaanza tena kuvuta, na mimi nikarudi nyumbani bila hamu hata ya ugali.

Mwishowe mjane wa kaka alitukuta tumelala chini ya gari.

“Shemeji, toka huko. Ziwa haivute gari. Kaka yako aligonga ukuta wa daraja mbele ya kuugua, chasi, ile mifupa ya gari, ikapinda. Hata yeye, tangu ile siku, haikumuendea sawa.”