Pumzi ya Kumsindikiza Mgeni

Baba yangu mdogo, Ramazani, alikuwa mshonaji wa nguo kule Kadutu, Bukavu, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hakujua kumwacha mgeni aende. Ukija kwake kusalimia, ukinywa chai, ukisema, "Bon, mie naenda," yeye anachukua kofia. Watu wengine wanasindikiza mgeni mpaka mlango wa lupango, ule ua wa nyumba. Yeye alisindikiza mpaka barabarani, kisha mpaka sokoni, kisha wanashuka wakizungumza, na wakifika kwake yule mgeni, mgeni anaona haya, anasema, "Hapana, sasa ngoja nikurudishe." Wanapanda tena. Nimeona wazee wawili wakirudishana hivyo mpaka adhana ikawakuta njiani. Mama mdogo alishazoea. Mume akichukua kofia, yeye anafunika chakula chake kwa sahani nyingine.

Siku moja akaja mgeni kutoka Kindu, mtu mwenye sauti nzuri. Walikula, wakacheka, mgeni akasimama. Ramazani akachukua kofia. Mama mdogo akafunika sahani. Ramazani hakurudi. Wengine walisema ameonekana Kindu, anashona. Wengine walisema mambo mengine. Mie nilikuwa kijana, na ninachokumbuka ni ile sahani, ilivyokaa mezani imefunikwa, na hakuna aliyethubutu kuiondoa.

Sasa mtasema, huyu mzee tumemwomba atueleze habari ya kifua chake, anatupeleka Kadutu. Ni kweli. Lakini kifua changu kilianzia kwenye kusindikiza, ndiyo maana.

Mie ni Shabani, fundi mbao. Nilihamia Kamembe, ng'ambo ya mpaka, nikiwa bado na nguvu, nikaoa Mwajuma, tukazaa Zaina. Nilikuwa mtu wa afya. Nilibeba mbao begani, nilikula ugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani, nikamaliza sufuria. Mgeni wangu akitoka Bukavu, namshusha kwa miguu mpaka chini Cyangugu, kwenye daraja, namwona anavuka, halafu napanda mlima wote ule kurudi nyumbani nikiimba kimoyomoyo. Mwajuma alikuwa ananitania. "Umerithi miguu ya Ramazani," alisema. "Lakini mie sifuniki sahani. Usiporudi, nakula."

Mwajuma alikufa kwa presha. Zaina alikuwa ameshaolewa, amefuata mume wake Amerika, mji unaitwa Finiksi, katikati ya jangwa. Siku ya mazishi jirani aliinua telefone juu ya vichwa vya watu ili mtoto amwone mama yake akiingia ardhini. Walipoanza kutia udongo, mtandao ukakatika. Hilo lishikeni, litarudi.

Baada ya hapo mvua ikaja, na mie nilimsindikiza shemeji yangu mpaka darajani kama kawaida. Kwenye kupanda nikakaa chini. Nilikuwa sijawahi kukaa kwenye ule mlima. Nikakohoa, nikatema, nikasema ni vumbi la libuyu, zile mbao za Kongo, vumbi lake linawasha koo. Mgeni aliyefuata nilimfikisha nusu ya njia. Aliyefuata nilimfikisha msikitini. Halafu kwenye kona. Halafu kwenye mlango wa lupango, nimeshika ukuta. Mwisho akaja mtu, akanywa chai, akaniaga nimekaa kwenye kiti. Nilimpa mkono nikiwa nimekaa. Alipotoka nililia, kwa sababu ndipo nilijua mie ni mgonjwa.

Nasema wazi, maana habari hizi zikifichwa zinaua. Nilikuwa natoka jasho usiku mpaka shuka nalikamua. Suruali ilianguka, nikatoboa mkanda kwa msumari, nikatoboa tena. Makohozi yalikuwa ya njano, yakawa ya kijani, na siku moja yakaja na uzi mwekundu. Nilitema kwenye kitambaa nikakizika ndani ya maranda pale karakana. Nilifikiri maranda hayasemi.

Papa Furaha aliona. Huyu ni fundi viatu, kibanda chake kimegusana na karakana yangu. Ni Mukristo, amekulia Kongo kama mie, akarudi Kamembe na wazazi wake. Kucha kutwa tunasikilizana redio moja. Akaja, akakaa kwenye benchi, akachokoa maranda kwa mguu.

"Mzee Shabani," akasema, "siku hizi unapaka mbao rangi nyekundu?"

"Ni fizi," nikasema.

"Fizi yako inakohoa?"

Nilichukua randa, nikajifanya naranda ubao.

"Simama. Tunaenda hospitali pale Gihundwe. Leo mie njo nakusindikiza, mie mwenyewe."

Tulikwenda polepole sana. Bamama wenye mizigo kichwani walitupita.

Dokta alikuwa mwanamke kijana. Alinipa kikopo, akasema nitoe makohozi ya ndani kabisa, si mate. Nikatoa. Wakapiga picha ya kifua. Aliponiita alinikalisha na yeye akakaa, nikaogopa, maana dokta akikaa ana jambo.

"Mzee, ni kifua kikuu."

"Nitakufa?"

"Ukimeza dawa zote mpaka mwisho, hapana. Ukiacha katikati, nitakuona tena, na siku hiyo sitajua nikwambie nini."

Nikaanza dawa. Siku ya kwanza nilikwenda kukojoa, mkojo ukatoka rangi ya machungwa iliyokolea. Nilitoka chooni nimeshika suruali, nikimwita Papa Furaha kwamba damu yote inamwagika. Yeye alikuwa amemsikiliza dokta kuliko mie. Akasema ni dawa, nirudi nikamalizie, watu wanapita. Nilitapika, viungo viliuma, ngozi iliwasha. Kila asubuhi alikuja kunisimamia nimeze. "Fungua kinywa. Inua ulimi. Wewe ni fundi, unajua kuficha misumari mdomoni." Ilipofika wakati nina nguvu, nikala vizuri, nikasema sasa nimepona, dawa nyingine za nini? Alikasirika, akasema urafiki wetu kama ni kuisha uishe kwa sababu nyingine, si kwa dawa nilizoacha. Nikameza. Nikamaliza. Makohozi yakapimwa tena, yakawa safi. Alhamdulillahi.

Lakini dokta akaniambia na lingine. Vijidudu vimekufa, pafu la kushoto limebaki na makovu. Mvua, ukungu na moshi vitanisumbua siku zote.

Na vilinisumbua. Msimu uliofuata, alasiri moja, ukungu ulipanda kutoka ziwani na jirani alikuwa anachoma takataka mbichi. Nilikuwa natawadha. Hewa ikaingia nusu, ikakataa. Nilifungua kinywa kama samaki. Kucha zikawa bluu, mkojo ukanitoka pale pale. Papa Furaha akanipakia kwenye moto, ile pikipiki ya kukodi, nikiwa katikati, yeye nyuma amenikumbatia mbavu, ananipigia kelele sikioni, "Vuta! Vuta!" kana kwamba mie ni ngamia. Hospitali wakaniwekea oksijeni, na nikabaki hai.

Zaina alipiga telefone akilia. "Papa, kuya huku. Huku mvua haiko. Hewa ni kavu, nguo unaanika, inakauka mbele haujarudi ndani."

"Na vumbi?"

"Vumbi iko. Siku ingine inasimama sawa ukuta. Siwezi kukudanganya."

Nikamuuliza dokta. Akasema, "Hewa kavu inasaidia wengine, wengine haiwasaidii. Vumbi nalo lina hatari yake. Mzee, siwezi kukuahidi. Ninachojua ni kwamba msimu mwingine kama huu naogopa."

Basi nikawa mtu wa njia panda. Mchana nasema nakwenda, jioni nasema siendi. Kaburi la Mwajuma liko hapa. Karakana iko hapa. Lugha yangu iko hapa. Papa Furaha akaona ninavyojichosha, akasema, "Kama ni joto, Bugarama iko hapa chini. Tushuke tujaribu Amerika mbele ya kupanda ndege."

Msicheke. Sisi tulifikiri joto ni joto. Tulishuka Bugarama, tukafikia kwa shemeji yake, nyumba iko pembeni ya mashamba ya mpunga. Nilikaa kivulini nikasubiri kupona. Joto lilikuwepo, lakini ni joto la maji, linakulalia kifuani kama blanketi bichi. Na mbu. Nilirudi Kamembe nimebeba malaria, natetemeka, na Papa Furaha anawaambia watu barabarani, "Mupishe, huyu anatoka Amerika." Ndivyo tulivyopima jangwa, kwenye mpunga.

Mambo ya kibali cha Amerika, aliyoyaanza Zaina, yakaendelea yenyewe. Nilikwenda Kigali, wakapima kifua, wakaona makovu, wakaona makohozi safi, wakanikubalia. Kigali walikubali, moyo wangu bado. Zaina akaja mwenyewe kunichukua. Alikaa na sisi juma zima, anafua, anapika, haulizi. Jioni moja aliweka sahani chini.

"Papa, utakuya ao hautakuya?"

"Mama yako yuko hapa."

"Mama njo nilimuzika kwa telefone," akasema. Hakupandisha sauti. "Sikuona udongo ikimufunika. Niliona duara ya mutandao inazunguka. Wewe, Papa, sitakuzika kwa telefone. Ukibaki, mie nabaki. Batoto yangu bakae kule bila mama."

Nilitoka, nikaenda kwa Papa Furaha, nikamwambia yote. Alikuwa anashona soli. Hakuinua kichwa.

"Nikisema kaa," akasema, "nitakuwa natafuta muntu wa kusikilizana naye redio. Nikisema enda, nitakuwa nakudanganya. Usiniulize."

Kabla sijafika mwisho niwaambie nilichotaka kuwaambia, kwa sababu nikifika mwisho nitanyamaza. Nyie mlio kwenye benchi la pale hospitali, mnaokohoa na kusema ni vumbi, ni baridi, ni uchawi wa jirani: toeni makohozi, yapimwe. Dawa mmeze mpaka ile ya mwisho, hasa mkijisikia wazima, hapo ndipo wengi wanaponaswa. Mkojo ukiwa rangi ya machungwa msikimbie. Tafuteni mtu mmoja wa kuwafungua kinywa kila asubuhi. Na nyie mlio wazima, mgonjwa wa kifua akishaanza dawa, dokta atawaambia lini mkae naye bila hofu. Basi kaeni naye. Mie sikuponywa na dawa peke yake, na sikuponywa na jangwa.

Maana niko huku sasa, Finiksi, naandika. Mwanzo pua ilitoka damu, midomo ikapasuka, ngozi ya kisigino ikawa kama gome. Makohozi yamepungua, sijaona kucha bluu tena. Siku za vumbi Zaina anafunga madirisha, nakaa ndani. Natembea mpaka mwisho wa barabara na kurudi bila kukaa chini. Ninamshukuru Mungu, ninamshukuru yule dokta, na mtoto wangu. Ila huku mgeni akisimama, gari lake liko mlangoni. Namsindikiza hatua chache, anafunga mlango, ameenda. Pumzi ninayo, na pa kwenda nayo sina.

Basi, ile asubuhi.

Valizi ya Zaina ilishatangulia kwa moto mpaka uwanja wa ndege, na nguo zangu zilikuwa ndani, chini ya nguo zake. Majirani walijua Zaina anaondoka. Wakaja, wakamuaga, wakampa maharage, wakampa majani ya chai ya kwetu. Wakaniuliza, "Na wewe, Papa Zaina?" Nikasema, "Namsindikiza mtoto." Haukuwa uongo. Nilikuwa bado sijasema ndiyo, hata kwa Zaina. Nilipita makaburini mapema, nikamsomea Mwajuma, naye sikumwambia. Nikachukua kofia.

Papa Furaha alikuwa ameketi mlangoni pa kibanda, amewasha redio. Alikuwa amemimina chai, yake na yangu, kama kila siku.

"Unamusindikiza mpaka wapi?" akauliza.

"Mpaka pale juu."

Akaangalia miguu yangu. Yeye ni fundi viatu, hawezi kuacha. Nilikuwa nimevaa viatu vya Idi, vile alivyonitilia soli mpya.

"Hii viatu ya Idi," akasema, "njo ya kufika nayo pale juu?"

"Ile ingine imelowa."

"Imelowa. Na mvua haijanyesha." Akapunguza sauti ya redio. "Bon. Usimuache katikati ya njia, ni mutoto wa muntu. Umufikishe."

"Nitamfikisha."

"Chai yako?"

"Nikirudi."

Akachukua kisosi, akafunika kikombe changu. Akakisogeza pembeni, mbali na misumari.

Nilimwambia Zaina, "Twende." Tukaanza kupanda njia ya uwanja wa ndege, polepole, kwa pumzi yangu. Nyuma nilisikia redio ikipandishwa sauti. Anayeondoka ndiye hugeuka kuangalia. Mwenye kusindikiza hageuki, anajua atarudi. Sikugeuka. Nilitembea mikono mitupu, kofia kichwani, namweleza mtoto habari za baba yangu mdogo Ramazani.