Kila Kitu Isipokuwa Magazini

Bunduki ya Verlon Tuckett ilikuwa ya kuungwa vipande, na kila Jumamosi kwenye uwanja wa shabaha, huko Idaho, ilikwama kwenye risasi ya tatu. Mwaka mzima alibadilisha springi, mtutu, hata kitako.

"Haki ya Mungu, hii bunduki itanitia wazimu!"

Mkewe Lorna alichoka na makelele. Akachomoa magazini kuukuu, kile kikasha cha risasi, akachomeka ya bunduki yake mwenyewe, akafyatua risasi zote thelathini bila kukwama.

"Wewe Verlon, magazini yako ulishawahi kuibadilisha?"

"Nibadilishe? Hiyo aliniachia marehemu baba!"

"Basi ndiyo mbovu."

Verlon akaipangusa vumbi ile magazini, akaitia mfukoni kwa hasira.

"Nitatafuta bunduki nyingine itakayoelewana na baba."