Nyumba Iliyong'olewa Mlango

Mama yangu hamwamini mtu yeyote anayekuja na mkanda wa kupimia, na mimi nimerithi ugonjwa huohuo. Mtu akisimama njiani akaikazia macho nyumba yako, halafu akakusalimu wewe juu juu, ujue kuna jambo. Ndivyo tulivyolelewa mtaani kwetu Ifakara, upande wa mto, ambako masika maji huingia uani bila hodi, na karibu na uchaguzi wanasiasa nao hivyohivyo.

Kwa hiyo barabara ya lami ilipokaribia mjini, na magari meupe yakaanza kuegeshwa mtaani kwetu, mama alinipigia simu Mang'ula, ninakoishi na kushona sare za shule. Hakunisalimu. Alisema tu, "Wameanza kupima." Sikuuliza akina nani. Kesho yake nilifunika cherehani nikapanda gari.

Kikao kilifanyika kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima tumejibana kwenye madawati ya watoto. Ofisa wa mipango miji, kijana nadhifu mwenye sauti ya upole, alibandika mchoro ubaoni: maghorofa, vijia vya zege, miti iliyopangwa mstari. Alieleza kwamba mtaa wetu uko mahali pa chini, nyumba za udongo zinabomoka kila masika, na imeamuliwa zivunjwe zote, eneo liinuliwe kwa kifusi, zijengwe nyumba za gharama nafuu. Mwenye nyumba atakayetambuliwa atapewa makao humo bila kununua. Zitakazobaki zitauzwa kwa bei nafuu kwa watu wengine. Asiyetambuliwa hana chake.

Niliutazama ule mchoro nikitafuta mahali mama atakapoanika mpunga. Sikupaona, nikauliza. Ofisa alitabasamu. "Kutakuwa na kibaraza kwa kila nyumba, dada." Watu wakacheka, wengine kwa furaha kabisa. Mimi sikucheka. Upole wa mtu wa ofisini huwa unanitia wasiwasi kuliko ukali wake, maana mkali angalau unajua anataka nini.

Mtu mmoja akauliza utambuzi huo utafanyika lini. Ofisa akasema, "Bajeti ikipatikana." Hilo ni jibu ambalo kwetu linaweza kuwa na maana ya kamwe, au ya kesho asubuhi.

Tulirudi nyumbani mimi, mama na jirani yetu. Jirani huyu ni mzee Msukuma aliyeingia bonde hili zamani na ng'ombe wake, akawauza, akajenga ukuta kwa ukuta na sisi. Marehemu baba alimfanya ndugu, ndiyo maana mama humwita shemeji na mimi namwita baba mdogo. Tulipofika uani mama akasema, "Hawa wanatafuta majina. Wakishajua nyumba ni ya nani, wanajua wa kumsumbua. Shemeji, mgeni akikuuliza nyumba ya mwenzako ni ya nani, wewe hujui."

"Shemeji, lini niliwahi kujua?" akajibu jirani, na wote wawili wakacheka.

Nilimwambia mama kwamba safari hii mambo ni tofauti, kwamba anayejulikana ndiye atakayepata. Alisema amenisikia. Mama akisema amenisikia huwa hajakubali.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo mtu wa Ifakara hahitaji kuelezwa. Msimu wa mpunga mtaa wetu huhama. Mvua zikishika, watu hufunga vyungu na mikeka wakaenda kuishi mashambani, wengine Idete, wengine ng'ambo ya mto kuelekea Lupiro. Huko hulala kwenye vibanda na kukesha juu ya madungu kulinda mpunga, ndege mchana, nguruwe pori usiku, mpaka uvunwe. Mtaani hubaki wagonjwa, wazee na wachache wenye kazi za mjini.

Wezi wanaijua kalenda hiyo vizuri. Na kwa kuwa ndani ya nyumba hawakuti kitu, wanaiba milango. Mlango wetu ulikuwa wa mninga, baba aliuchonga mwenyewe, na mlango wa namna hiyo ukishafika kwa fundi na kupigwa randa hauna tena mwenyewe. Mama akaona dawa ni moja: auwahi kabla ya mwizi. Kila mwaka alifungua bawaba, akaupakia mlango kwenye pikipiki ya matairi matatu, akaenda nao shambani Idete, ambako uligeuka kitanda juu ya mafiga ya matofali. Nyumbani aliziba tundu kwa matete na miiba. Majirani walimcheka mwaka wa kwanza. Baadaye wakaibiwa, wakaacha kucheka, wakaanza na wao kung'oa. Ikafika mahali masika nusu ya nyumba za mtaa hazina milango, na kila mtu wa kwetu anajua kwamba nyumba isiyo na mlango ndiyo ambayo mwenyewe anaipenda.

Mgeni atajuaje hilo?

Bajeti ilipatikana katikati ya masika. Habari nilizipata kwa simu kutoka kwa jirani, ambaye mwaka ule goti lilimkatalia kwenda shamba. Alinisimulia kwa furaha kama mtu aliyeshinda bao.

"Wamekuja na vishikwambi vyao. Wakasimama hapo kwenu, wakachungulia. Majani yameota mpaka ndani, matete yamelala. Wakaniuliza, mzee, nyumba hii ya nani? Nikawaambia sijui. Wakaniuliza kuna mtu anaishi? Nikawaambia mimi naona maji tu."

"Halafu, baba mdogo?"

"Halafu wakapiga picha, wakaandika ukutani kwa rangi nyekundu. Pagale."

Pagale, yaani gofu, nyumba iliyotupwa. Nyumba niliyozaliwa, yenye mama mzima mwenye nguvu zake, ilikuwa imekwisha kuandikwa haina mtu. Sikuweza kumgombeza jirani. Alikuwa amefanya alichoombwa, na amekifanya vizuri.

Nilichojiuliza ni kwa nini masika. Mwaka una miezi mingi. Katika ofisi ile nzima, yenye watu waliozaliwa bonde hilihili, hakuna hata mmoja aliyejua kwamba wakati huo tuko mashambani? Nilimuuliza mwenyekiti wa mtaa. Akasema hata yeye alikuwa shamba, hakuarifiwa. Labda. Viatu vyake vilikuwa safi mno kwa mtu aliyetoka shamba, lakini viatu si ushahidi. Sokoni wakasema nyumba zile za ghorofa zina wenyewe tayari, na kadiri mapagale yanavyoongezeka mtaani ndivyo zinavyobaki nyingi za kuuzwa. Lisemwalo lipo, wanasema. Mimi sikumwona mtu akipokea kitu wala kutoa kitu, na simtaji mtu. Nasema tu kwamba sikulala vizuri.

Nilikwenda ofisini. Nikaambiwa nirudi. Nikarudi, nikaambiwa mhusika yuko semina. Mwishowe nikampata yule ofisa mwenye upole, akaniambia bila kusitasita kwamba mapingamizi yatasikilizwa baada ya mavuno, watu wakisharudi. Jibu lilikuwa zuri kupita kiasi. Nilishuka pale nikitafuta mtego uko wapi, nikaukosa, na kuukosa kukanitisha zaidi.

Mama alirudi na magunia yake na mlango wake. Aliufunga mahali pake, akasimama kuyatazama yale maandishi mekundu. Hakwenda shule, akaniomba nimsomee. Nilimsomea. Alisonya, akaingia ndani, akatoka na jembe. Siku iliyofuata alichimba udongo, akaukanyaga kwa maji, akaanza kuukandika ukuta mzima, si palipoandikwa tu bali hadi nyuma ya jiko palipokuwa na nyufa.

"Mama, unajichosha. Si itavunjwa?"

"Ukuta ukipasuka unakandikwa," alisema.

Nilidhani ni mazoea. Mimi akili yangu ilikuwa kwenye usikilizaji wa mapingamizi. Hati mama hakuwa nayo, wala wengi wa mtaani hawana, kwa hiyo ilibaki ushahidi wa jirani, na jirani alikuwa amekwisha kusema hajui. Nilipomwomba aende akaseme kweli, alikuna shingo.

"Nikisema naijua, si wataniuliza mbona niliwaficha? Kuidanganya serikali ni kesi hiyo. Na nitajuaje kama mama yako anataka niseme? Aliyenifunga mdomo ndiye aufungue."

Nilikasirika, nikamwambia anacheza na makao ya mtu. Baadaye nilimwona alikuwa na haki yake. Watu tuliofundishana miaka mingi kunyamaza tusingeweza kusemeshana kwa siku moja.

Siku ya siku tulikwenda ofisi ya kata, sisi watatu. Ofisa alisimama akamwamkia mama, "Shikamoo mama." Mama akaitikia, "Marahaba," huku akitazama dirisha. Aliulizwa nyumba aliipataje, akasema alijengewa na mumewe. Aliulizwa mwezi wa utambuzi alikuwa wapi, akasema alikokuwa kila mtu. Aliulizwa mlango ulikuwa wapi. Akasema, "Nimeulalia." Ikabidi mimi nieleze habari za wezi. Ofisa alisikiliza mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza nikamwona anaona haya kidogo. Akamgeukia jirani.

"Mzee, unaijua nyumba hii ni ya nani?"

Jirani alimtazama mama. Mama alikuwa bado na dirisha lake. Nikawaza, basi, tumekwisha, watu hawa wawili watauficha ukweli mpaka utuue. Kisha mama akasema polepole, "Sema, shemeji."

Akasema. Alisema kwamba alipoingia bondeni hana paa, alilala kwenye baraza la nyumba ile msimu mzima. Kwamba baba yangu alifia chumba cha upande wa mto, na yeye ni mmoja wa waliombeba kumtoa. Kwamba hakuna nyumba anayoijua kuliko ile, hata yake mwenyewe.

"Sasa mbona ulisema huijui?"

"Mlikuwa wageni, mwanangu. Mgeni haambiwi mambo ya jirani."

Watu waliokuwa wakingoja zamu zao wakaangua kicheko, na ofisa naye akacheka. Akabonyeza mambo yake kwenye kishikwambi, akavuta karatasi na kidau cha wino. "Haya mama. Umetambuliwa. Nyumba ni yako."

Nilishaanza kupanga kichwani atakaa ghorofa ya chini, kwa sababu ya ngazi.

Mama akauliza, "Hakuna tena atakayesema si yangu?"

"Hakuna, mama."

"Basi msiivunje."

Ofisa alinitazama mimi. Na mimi ndipo nilipoelewa. Miezi yote ile nilikuwa napigania makao kwenye jengo jipya, na mama alikuwa anapigania nyumba. Alikuwepo kwenye kikao, aliyasikia yote niliyoyasikia. Lakini kwa akili yake kinachovunjwa ni pagale, kitu kisicho na mtu. Hakuwahi kufikiri kwamba binadamu anaweza kukuuliza nyumba ni ya nani, ukamwambia ni yangu, akakubali kwamba ni yako, halafu akaivunja.

Ofisa alimwinamia, akasema kwa upole wake uleule, "Mama, isiyo na mwenyewe ndiyo inayotuchelewesha. Ile tunaitangaza, tunasubiri, inaweza kukaa hata miaka. Hii sasa tumekujua wewe. Ukitia dole hapa, tunaweza kuanza."

Nilingoja agombe. Mama yangu hugombana na muuza dagaa kwa kijiko kimoja. Safari hii hakugomba. Alinigeukia mimi, akaniuliza kwa sauti ndogo, kana kwamba hataki wengine wasikie.

"Wewe ulikuwa unajua?"

Nikasema ndiyo. Nikasema nilijua tangu kikao kile, na nilidhani naye anajua, na nilimwambia itavunjwa siku ile anakandika. Nilisema mengi, moja juu ya jingine, na kila nililoongeza lilisikika kama la mtu mwenye kuficha jambo. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Nimekusikia," alisema.

Akatoa dole gumba. Ofisa akalishika, akalichovya, akalikandamiza penye mstari.

Mlangoni pa ofisi ile kuna ngazi chache za saruji, zimemeguka. Nilikuwa nimesimama pembeni ya mama, nikanyoosha mkono nimshike. Alingoja jirani na goti lake atufikie, akamshika yeye, wakashuka pamoja.