Siku Nne Nilizojificha Tabora

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila ninapovua viatu. Ilikuwa Jumanne, jua linakaribia kuzama, nami naingia Tabora kwa miguu nikitokea Ujiji, nachechemea kama kuku aliyefungwa kamba. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na kichwa kigumu. Wewe nasikia umenunua begi la mgongoni na viatu vya bei mbaya, na kwamba wewe na wenzako mnataka kuifuata ile njia ya misafara mpaka pwani. Vizuri, sikukatazi. Ila keti kwanza, chai ipo. Hili nitakalokuambia sijapata kulisema lote mbele ya mtu.

Kwetu Unyamwezi zamani kijana hakuhesabiwa mwanamume mpaka aende pwani na mzigo begani, kisha arudi. Babu yake baba yangu alikwenda na kurudi mara nyingi, na mimi nikakua nikizisikia habari hizo mpaka zikanilevya. Nilipomaliza kibarua changu Kigoma nikasema, treni ya nini? Nikajitwika furushi, nikashika njia peke yangu. Nalala vijijini, nakula matobolwa, vile viazi vya kukausha, na kila nikiulizwa naelekea wapi najibu "Bagamoyo!" kwa sauti ya kutafuta sifa.

Nilipofika Kaliua nikamkuta mama mmoja anangoja treni kurudi kijijini kwao, njia ya Kigwa, mwendo wa siku moja mashariki ya Tabora. Kijiji hicho ndicho alichokaa shangazi yangu Nyamizi. Nikamtuma: "Mwambie shangazi Jumatano jioni nipo kwake. Mimi sipumziki mahali. Achinje jogoo kabisa." Ndivyo nilivyosema. Ulimi hauna mfupa, mwanangu.

Sasa huyu shangazi ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kumzaa, Mabula, mkubwa kwangu. Mabula alikwenda kutafuta kazi migodini, akatuma salamu kwamba wiki ijayo anarudi nyumbani, na wiki hiyo haijafika hadi leo. Hakuna aliyeleta habari ya uhai wala ya kifo. Nilikuwa mdogo, nilimwona shangazi akienda kukaa kando ya njia siku baada ya siku, msimu mzima wa mavuno. Lishike hilo. Wengine hukosa kwa kutojua, mimi nilikosa huku najua.

Basi, Tabora. Nyayo zilijaa malengelenge, mengine yamepasuka, na kisigino cha kulia kimetunga usaha. Nikaingia duka la dawa la mzee mmoja wa Kihindi karibu na soko. Akaushika mguu wangu bila kinyaa, akaufunga kwa bendeji nyeupe pe, akasema, "Kijana, mguu huu unataka siku nne kitandani. Nyumbani wanajua uko hapa?"

"Wanajua, mzee," nikamjibu.

"Basi vizuri," akasema, na akaniongezea pamba bila kunidai kitu.

Kupumzika hakukuwa kosa. Wale wapagazi wa zamani niliojisifia, waliobeba mizigo ya misafara, walikuwa wakifika Tabora wanakaa majuma mazima, wanatibu miguu yao, wanakula, hawaoni haya. Aliyeona haya ni mimi. Tabora siyo kubwa hivyo. Watu wa vijijini wanaingia kuuza asali na tumbaku, wanarudi na maneno. Nikawaza watakavyosema: "Mmesikia? Yule Maganga wa Bagamoyo miguu imemshinda, kaishia Tabora!" Nikatafuta nyumba ya wageni ya uchochoroni, na kwenye kitabu cha wageni nikaandika Hamisi, mnunuzi wa pamba, kutoka Nzega. Pamba yenyewe niliyokuwa nayo ilikuwa ya kisiginoni. Cheka tu, hata mimi sasa hivi nacheka.

Lakini wakati ule sikucheka. Upweke wa chumba kile sijauonja tena, hata nilipofiwa na mke wangu, maana katika msiba wa mke nililia pamoja na watu. Kulikuwa na kitanda, ndoo, na dirisha linalotazama ukuta. Alfajiri nasikia adhana, baadaye kengele ya kanisa, mchana honi ya treni, na katika yote hayo hakuna mtu hata mmoja duniani aliyejua nilipo. Dada wa mapokezi akinigongea, "Hamisi, chai!" nachelewa kuitika kwa sababu nimesahau kwamba Hamisi ni mimi. Na kila asubuhi nasikia watu wa baiskeli wakijitayarisha kurudi njia ya Kigwa, wanaitana kwa Kinyamwezi, wanataniana. Neno moja tu kwa mmoja wao lingetosha. Nikasema nitalituma kesho. Kesho ikifika, nasema kesho.

Ijumaa asubuhi nikasikia baiskeli inaegeshwa mlangoni na sauti ninayoijua. Alikuwa Kulwa, jirani wa shangazi, niliyechunga naye mbuzi utotoni.

"Dada, mwangaluka. Yupo hapa kijana anaitwa Maganga, anasafiri kwa miguu? Nimeshapita nyumba zote za wageni."

Nikasikia kurasa za kitabu zikifunuliwa. "Huyo hayupo, kaka."

"Mama yake anaumia sana," Kulwa akasema. Ndivyo alivyosema, mama yake.

Mwanangu, kati yangu na Kulwa palikuwa na mlango wa mbao tu. Nilikuwa nimekaa kitandani, miguu iko kwenye ndoo ya maji ya chumvi. Ningekohoa tu, angenijua. Sikukohoa. Nilijiambia nimeshachelewa kutoka, nikitoka sasa ataniona mwongo. Afadhali nikifika nitatunga la kusema. Nikaisikiliza baiskeli yake mpaka ikapotelea mtaani.

Jumapili alfajiri mguu ukakubali, nikaondoka. Sasa kwetu mgeni anayetoka mbali haachwi afike mlangoni na mzigo wake. Mwenyeji humfuata njiani, akampokea mzigo, wakaongozana. Jumatano shangazi alikuja kunipokea kisimani. Alhamisi akasogea mpaka mashamba ya mwisho. Kila siku alisogea mbele kidogo, na hiyo Jumapili nilimkuta kwenye daraja la magogo, mwendo wa zaidi ya saa nzima kutoka kwake, amekaa chini peke yake, vumbi hadi magotini.

"Shikamoo, shangazi."

Alinishika uso kwa mikono miwili, akanigeuza huku na huku. "Ulikuwa unaumwa?"

Hapo ndipo ningesema kweli. Nikasema, "Homa ilinishika porini. Warina asali wakaniuguza kambini kwao."

Alilia, akacheka, akamshukuru Mungu, akalivuta furushi langu begani akajitwika kichwani. Nikataka kumzuia, akanipiga kofi la mkononi: "Wewe mgonjwa!" Njia nzima aliongea yeye. Mimi nilitembea nyuma yake, naliangalia furushi langu juu ya kichwa cha mama mzee.

Nyumbani nikakuta wanaume wa kijiji wamekaa chini, wamechoka. Siku mbili walikuwa wameacha tumbaku shambani, wanaupekua msitu wakinitafuta. Walinyanyuka wakashangilia, jogoo akakamatwa. Shangazi akaleta beseni la maji, akapiga magoti kuniosha miguu, akanivua kiatu. Bendeji ikaonekana, nyeupe, imefungwa kitaalamu.

"Hee!" Kulwa akasema. "Warina asali siku hizi wana bendeji za dukani?"

Watu wakaangua kicheko. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikumaliza hata jioni moja. Shangazi peke yake hakucheka. Alikuwa bado amekishika kisigino changu.

"Maganga. Kulwa alipokwenda mjini, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ulimsikia?"

Nikatazama maji kwenye beseni. "Nilimsikia."

Kicheko kikakatika. Yeye akamaliza kuuosha mguu ule, akauosha na wa pili, akanifuta kwa khanga yake. Akaingia jikoni, akapika, akanitengea firigisi kama anavyotengewa mgeni wa heshima.

Asubuhi yake aliniambia maneno machache tu. "Ungelala Tabora mwezi mzima nisingekulaumu. Mguu ukiuma hupumzishwa. Lakini mimi nimekaa njiani namlilia mtoto wa pili, na wewe unasikia."

Nilimwomba radhi nikiwa nimepiga magoti. Akasema amenisamehe, na naamini alinisamehe, hakuwa mtu wa kinyongo. Pwani nilifika, nikaitazama bahari nusu saa, sikuwa na wa kumwambia, nikarudi kwa treni. Na miaka yote iliyofuata nilikuwa nikienda kumtembelea. Nilituma habari mapema, nilifika siku niliyosema, alinipikia, alinitania. Ila kunipokea njiani hakuja tena, hata mara moja, mpaka Mungu alipomchukua. Nilikuwa nikifika darajani natazama mbele, njia tupu, nabeba mzigo wangu mwenyewe mpaka mlangoni kwake.

Kwa hiyo nasaha zangu ni hizi, na uzibebe kabla hujabeba hilo begi. Ukichoka, pumzika, iwe siku moja au kumi. Mwenda pole hajikwai, na miguu haijali ujana wako. Mji utakaokupokea wewe unachechemea usiuonee aibu. Ila usiku wa kwanza tu, kabla hujalala, mwambie anayekungoja: nimekwama, nipo mahali fulani, naumwa mguu. Una simu, huna hata kisingizio nilichokuwa nacho mimi. Wacha wakucheke. Kicheko cha watu huisha wiki moja. Na mtu akija kukuulizia, mwanangu, itika. Hata kama umeshadanganya, hata kama umechelewa, fungua mlango uitike.

Haya, malizia chai yako. Mungu akuepushe na jua kali na miba ya njia, akupe mahali pa kulala utakapochoka na ulimi wa kusema kweli ukiwa umeshindwa. Na kila mji utakaouendea, asikose mtu wa kutoka nje akuone kwa mbali, aseme: yule pale, anakuja.